Umeme wa karakana ndogo Dodoma: nini kinunuliwe kwanza, nini baadaye, na nini kiachwe dukani

Karakana nyingi za Dodoma huanza vilevile. Chumba cha uani, banda la mabati, au kile chumba cha chini kwenye nyumba iliyojengwa mtelemkoni, halafu ekstensheni moja inayopitishwa dirishani kutoka sebuleni. Inaanza na drili, inaongezeka grenda, kisha msumeno wa meza, mpaka siku plagi inatoka moto na sehemu ya plastiki imeshikana na soketi. Ukijumlisha ekstensheni zote zilizoungua njiani, mara nyingi unakuta ungeshalipia waya wa kudumu.

Hapa tumepanga njia sita za kufikisha umeme kwenye meza ya kazi, kuanzia inayofaa kununuliwa kwanza. Hesabu ni za umeme wa kawaida wa nyumbani, volti 230, fezi moja, na chumba cha mita 4 kwa 5 kilichoko mita 25 kutoka kwenye mein swichi ya nyumba.

Kabla ya soketi: breka ya kuvuja

Hiki hakimo kwenye orodha ya sita kwa sababu si cha kuchagua. Nyumba nyingi hutegemea ncha ya shaba iliyopigwa chini kuwa ndiyo ethi, yaani njia ya kupeleka ardhini umeme unaovuja. Dodoma mvua huanza Desemba na kukoma karibu Aprili. Miezi iliyobaki udongo ni mkavu, na ule mweusi wa mbuga hujikunja, ukapasuka na kuachana na ncha yenyewe. Udongo mkavu haupitishi umeme vizuri. Tuseme ethi yako ina ukinzani wa omu 50. Waya wa laivu, ule unaoleta umeme, ukigusa bodi ya msumeno, umeme utakaokwenda ardhini ni 230 ugawe kwa 50, yaani ampea 4.6. Breka ya ampea 20 haitashtuka hata kidogo, na bodi itabaki na umeme ikikusubiri uishike.

Kinachokuokoa ni breka inayopima umeme uliotoka na uliorudi, ikikata tofauti inapofika mili-ampea 30. Imeandikwa RCCB na ina kitufe chenye herufi T. Angalia namba: zipo za 100 na za 300, na zinafanana kwa sura. Hizo ni za kuzuia moto, si za kulinda mwili. Muuzaji akikwambia "zote moja tu", hama duka. Pia fahamu kwamba RCCB peke yake haikati umeme ukizidiwa na mzigo. Lazima iwe na breka za kawaida nyuma yake.

Ethi nayo usiiache kwa kuwa una RCCB. Ncha ya mita 1.2 ipigwe yote, upande unaopata maji, kwa mfano karibu na bomba la kufulia, na kiungo chake kiwe kwenye kisanduku unachoweza kufungua. Palipo na mwamba, kama ilivyo kwa viwanja vingi vya vilimani, piga ncha mbili au tatu zilizoachana angalau kwa urefu wa ncha moja na uziunge pamoja.

1. Soketi za ukutani, bomba la nje, na kisanduku chake cha breka

Hii ndiyo tunayoiweka juu, na haina mpinzani wa karibu. Waya hupita kwenye bomba la PVC la milimita 20 lililobanwa juu ya ukuta, si ndani yake. Karakana hubadilika: meza inahama, mashine mpya inakuja. Bomba la nje unalifungua kwa bisibisi, la ndani unalitafuta kwa nyundo na patasi.

Manunuzi ya chumba chetu ni haya:

- Kebo ya milimita za mraba 6 kutoka nyumbani, mita 27, ikilindwa na breka ya ampea 40 upande wa nyumba
- Kisanduku cha breka chenye nafasi 10 au zaidi
- Swichi kuu ya pini mbili, ampea 63
- RCCB ya ampea 40, mili-ampea 30
- Breka mbili za ampea 20 za soketi na moja ya ampea 32 ya mashine ya kuchomelea
- Breka ya ampea 6 ya taa, ile yenye ulinzi wa kuvuja ndani yake, imeandikwa RCBO
- Soketi pacha 6 zenye swichi, na visanduku vyake vya plastiki
- Waya wa 2.5, mita 25 kwa kila rangi: laivu, nyutro (unaorudisha umeme), ethi
- Bomba la milimita 20, mita 22 hivi, na vibanio vya kutosha kubana kila nusu mita

Kwa nini kebo ya 6 na si ya 4? Ya 4 hupoteza milivolti 11 kwa kila ampea kwa kila mita. Ukivuta ampea 32 kwa mita 25 umepoteza volti 8.8. Ya 6 hupoteza volti 5.8 tu kwa mzigo huohuo. Kwa mtaa ambao jioni umeme tayari umeshuka, zile volti tatu ndizo zinazoamua kama kompresa itawaka au itanguruma palepale mpaka koili iungue.

Usikubali soketi zote 6 ziwe kwenye njia moja. Tatu ukuta huu, tatu ukuta ule, kila kundi na breka yake ya 20. Mafundi wengi hupendelea kuzungusha waya na kuurudisha kwenye kisanduku, kisha kuweka breka ya 32. Njia hiyo ni halali, ila waya mmoja ukikatika kwenye mzunguko soketi zote zinaendelea kuwaka, hakuna anayejua, na waya wa 2.5 unabeba mzigo wote peke yake. Kwa karakana, njia inayoishia kwenye soketi ya mwisho ni salama zaidi na ni rahisi kuipima.

Breka zenyewe ziwe za aina C. Aina B hushtuka umeme ukifika mara 3 hadi 5 ya kiwango chake, na mota kubwa inapoanza hupita hapo. Aina C huvumilia mara 5 hadi 10.

Taa ziwe nje ya RCCB ya soketi, kwenye ile RCBO yake. Grenda ikivuja na kukata soketi, usiachwe gizani huku blade bado inazunguka. Hapa ndipo mafundi hukosea sana: nyutro ya taa ikichanganywa na nyutro za soketi kwenye baa moja (kipande cha chuma ndani ya kisanduku zinapofungwa nyutro), RCCB itakuwa inakata kila ukiwasha taa, na mwisho wa siku mtu "anaitengeneza" kwa kuiruka kabisa.

Urefu wa soketi: mita 1.2 kutoka sakafuni, yaani juu ya meza, si chini yake. Chini ya meza kuna vumbi la mbao, na plagi hupigwa teke. Kwenye vyumba vya chini ya usawa wa ardhi kuna sababu nyingine: wakati wa mvua maji hupenya kutoka upande wa mlima. Kwa chumba kama hicho leta kebo kupitia juu, karibu na dari, kisha ishuke kwenye soketi. Kisanduku cha breka kiwe kwenye ukuta usiogusana na udongo. Banda lililo wazi, soketi ziwe za kisanduku chenye mfuniko wa springi, alama IP55. Upepo wa Juni hadi Septemba hujaza vumbi kwenye soketi ya kawaida ndani ya wiki chache.

Usifunge soketi kwenye kipande cha mbao. Mchwa watakifikia.

2. Soketi ya bluu ya viwandani, ampea 32

Ya mashine ya kuchomelea. Mashine ya inverta iliyoandikwa ampea 200 ikipandishwa mpaka mwisho huvuta zaidi ya ampea 25 kutoka ukutani, na soketi ya kawaida ni ya ampea 13. Ndiyo maana plagi za wachomeleaji huwa nyeusi. Kwa fimbo za milimita 2.5 peke yake, zinazochomwa kwa ampea 70 hadi 90 (za kwenye fimbo, si za ukutani), soketi ya kawaida huvumilia. Ukifika kwenye fimbo za 3.2 nunua ya bluu, moja tu, uivutie waya wa 6 moja kwa moja kutoka kwenye breka ya 32. Nunua na plagi yake siku hiyohiyo ukajaribu zinavyoingiana dukani.

Kama huchomelei, ruka kipengele hiki chote pamoja na breka yake.

3. Soketi ya kuning'inia juu ya meza ya katikati

Meza ikiwa katikati ya chumba, waya wa sakafuni ni mtego wa miguu. Shusha kebo ya raba ya nyuzi tatu za 2.5 kutoka kwenye boriti mpaka mita 1.8 kutoka sakafuni, na soketi pacha ya raba mwishoni. Uzito ubebwe na mnyororo au kamba, si na skrubu za ndani ya soketi. Umeme wake utoke kwenye njia mojawapo ya soketi. Kosa la kawaida ni kuuvuta kwenye taa iliyo karibu: waya wa taa ni 1.5 na breka yake ni ya 6, kwa hiyo randa ikianza tu, giza.

4. Ekstensheni ya gurudumu

Inafaa kwa kazi ya nje, kukata mabati uani au kupiga randa milango kwa mteja. Soma maandishi kwenye kebo, si kwenye karatasi ya boksi. Inayofaa imechapwa H07RN-F 3G1.5 au 3G2.5. Ya 1.5 inatosha kwa mita 25. Ukitaka mita 50 lazima iwe ya 2.5. Kebo ya 0.75, ambayo ndiyo imejaa madukani, hupoteza volti 15 na nusu kwa mita 25 ukivuta ampea 10. Ukiongeza na upungufu wa umeme wa mtaani, grenda yako inafanya kazi chini ya volti 200, inapunguza mwendo, feni yake haipozi, inaungua.

Fungua gurudumu lote kabla ya kuvuta mzigo mkubwa. Kebo iliyokunjwa haina pa kutolea joto, na nyingi zimeandikwa kiwango mara mbili: kikubwa ikifunguliwa, kidogo sana ikiwa imekunjwa.

5. Ekstensheni fupi ya mezani

Sawa kwa chaja za betri, redio na taa ya meza. Iwe na fyuzi ya 13 kwenye plagi, kebo ya 1.25 au 1.5, na kila tundu liwe la pini tatu bapa tu. Zile za matundu ya kupokea plagi yoyote duniani hazishiki plagi yoyote vizuri, hurusha cheche, na cheche juu ya vumbi la mninga ni habari nyingine.

6. Plagi za kugawa na ekstensheni nyeupe nyembamba

Ziache dukani.

Dukani, nenda na sumaku na kisu

Waya wa alumini uliopakwa shaba umezagaa. Kwangua ncha kwa kisu: ukiona weupe chini ya wekundu, rudisha. Roli yake pia ni nyepesi ajabu, kwa sababu alumini ina uzito usiofika theluthi moja ya shaba. Uzi mmoja wa waya halisi wa 2.5 una kipenyo cha milimita 1.78, na wa 1.5 ni milimita 1.38. Kama ni wa nyuzi saba, kila uzi wa 2.5 ni 0.67. Kalipa ya fundi chuma inakuambia ukweli kwa sekunde tano.

Sumaku ni ya soketi na plagi. Pini na vibano vizuri ni vya shaba nyeupe, havivutwi. Sumaku ikinasa, ndani ni chuma kilichopakwa rangi, na chuma hupata moto na kulegea. Tafuta pia alama ya TBS, ila usiifanye kuwa kipimo pekee, kwani alama nayo huchapwa na yeyote mwenye mashine.

Fyuzi za plagi zinunue za 3 na za 13. Drili ndogo chini ya wati 700 iwekewe ya 3, si ya 13, maana fyuzi ya 13 hubeba ampea 20 kwa muda mrefu kabla ya kukatika, na kebo nyembamba ya drili haitasubiri.

Siku ya kufunga

Fundi awe na leseni ya EWURA ya kufunga umeme, na asiguse chochote kabla ya mita ya LUKU; upande huo ni wa TANESCO. Kebo ya kwenda bandani ikipita chini, shimo liwe la sentimita 50 au zaidi, kebo ndani ya bomba au iliyovikwa chuma, na matofali juu yake. Bustani za mchicha huchimbwa kila mwaka na jembe halina macho.

Kabla fundi hajaondoka, bonyeza kitufe cha T: soketi zote zizime, taa zibaki. Kisha washa mashine kubwa kuliko zote kwa dakika 15 na ushike plagi. Vuguvugu ni sawa, ikikuunguza kuna skrubu haijakazwa. Rudia kitufe cha T kila mwezi. Umeme ukikatika ukiwa kazini, zima swichi ya msumeno kwanza kabla ya kutoka nje kuuliza majirani kama nao hawana, la sivyo utarudi na kuukuta unazunguka wenyewe.