Kisanduku cha slaidi za tishu za mimea: mashina safi, mizizi ya kukatisha tamaa

Kisanduku hiki kinauzwa katika duka moja la vifaa vya maabara katikati ya jiji la Nairobi, nami nimekitumia muhula mzima katika shule ya upili ya huku Eastlands. Ni cha mbao, kina slaidi 25 (vioo vyembamba vyenye mikato ya mimea ya kutazamwa kwa hadubini) zilizosimamishwa kwenye mianya yake, na bei yake ni shilingi 4,500. Kwa shule nyingi hizo si pesa kidogo, na kwa sababu hiyo naona walimu wenzangu wanastahili maelezo marefu kuliko yale wanayopewa kaunta.

Nimezipima slaidi hizi kwa swali moja, yaani kama zinamwonyesha mwanafunzi ukuta wa seli waziwazi. Katika mmea uliokomaa, sehemu kubwa ya tofauti kati ya tishu moja na nyingine imo katika kuta hizo: unene wake, mahali uneneo huo ulipo, na kama umejazwa lignini, kitu kinachoufanya mgumu kama mbao, au la. Hata mwanasayansi Mwingereza Robert Hooke, alipochunguza kipande cha koki (gome jepesi linalotengenezewa vizibo vya chupa) na kuchapisha alichokiona mwaka 1665, alikuwa akitazama kuta tu, kwa kuwa seli zenyewe zilikuwa zimekwisha kufa.

Slaidi ya shina la alizeti, lililokatwa kwa upana, inajibu swali hilo vizuri sana. Imetiwa safranini, ambayo hushika kuta zenye lignini na kuzifanya nyekundu, pamoja na rangi ya kijani inayobaki kwenye kuta zisizo na lignini, zilizojengwa hasa kwa nyuzi za selulosi. Ukikuza mara 100 unaona mafungu ya mishipa yamejipanga kwa duara, kila fungu likiwa na zailemu nyekundu (inayopandisha maji) upande wa ndani, floemu ya kijani (inayosafirisha chakula) upande wa nje, na juu ya floemu kofia ya nyuzi za sklerenkima, tishu ngumu ya kutegemeza mmea, zilizoiva wekundu. Chini kidogo ya epidemisi, yaani ngozi ya nje, kuna kolenkima, tishu inayotegemeza shina linalokua, na hapo ndipo ninapowasimamisha wanafunzi kwa muda mrefu zaidi: kuta zake ni nene pembeni tu, mahali seli zinapokutana, na hazina wekundu wowote. Seli hizo zilikuwa hai, na kuta zake za selulosi na pektini (kitu kama gundi) ziliweza kunyooka shina lilipokuwa likirefuka, jambo ambalo ukuta uliokwisha kushikwa na lignini hauliwezi. Katikati ya shina parenkima, tishu laini ya kujazia, ina kuta nyembamba na nafasi za hewa. Ukikuza mara 400 penye zile nyuzi, mstari mwembamba unaonekana kati ya seli na jirani yake. Humo ndimo lilimo tabaka la pektini linaloziunganisha.

Shina la mahindi nalo limekatwa kwa ustadi. Mafungu yake yametawanyika, wala hayakai kwa duara, na kila moja limezungukwa na ala ya sklerenkima. Mishipa miwili mikubwa ya zailemu huonekana kama macho, na bado sijapata darasa ambalo halikuuona uso wa mtu pale. Slaidi ya jani inatosha, na ya stomata (vitundu vya kupitishia hewa kwenye jani) pia.

Mizizi, kwa upande wake, haifai. Mkato wa mzizi wa maharagwe ni mnene, umejikunja upande mmoja, na ukanda wa Caspary, mstari usiopitisha maji, haupatikani hata ukirekebisha mwanga namna gani. Huu ni upungufu mkubwa, kwa sababu ukanda huo ulio ndani ya kuta za endodemisi (safu ya seli inayozunguka mishipa ya mzizi) ndio unaoziba njia ya maji yanayopenya kati ya seli, yakalazimika kupita kwenye utando wa seli ulio hai kabla ya kufika kwenye zailemu. Slaidi nyingine imeandikwa parenkima ilhali ina nyuzi za sklerenkima. Kijitabu kinachoambatana na kisanduku kinadai kwamba ukuta wa seli ndio unaochagua vitu vya kuingia na kutoka, dai ambalo si sahihi: ukuta hupitisha maji na chumvi zilizoyeyuka, na kazi ya kuchagua hufanywa na utando wa seli. Nimewaomba wanafunzi wangu waikate sentensi hiyo kwa kalamu.

Kuna jambo jingine ambalo slaidi zilizotayarishwa, hata zingekuwa bora kiasi gani, haziwezi kulionyesha, nalo ni msukumo wa maji dhidi ya ukuta, ule unaoisimamisha sukuma wiki asubuhi na kuiacha ikilegea ikikosa maji. Kwa hilo mimi hutumia kitunguu chekundu cha sokoni. Bandua ngozi nyembamba ya upande wa nje wa ganda nono lenye zambarau, iweke kwenye tone la maji, kisha ongeza maji ya chumvi pembeni mwa kioo cha juu. Zambarau hujikusanya polepole na kuachana na pembe za seli, huku ukuta ukibaki mahali pake, na mwanafunzi anautofautisha na utando kwa macho yake mwenyewe. Pera lililoiva nalo linafaa: ponda kipande kidogo cha nyama yake kwenye kioo, utaona makundi ya seli za mawe zenye kuta nene mno, zile zile zinazokwaruza meno.

Niliporudi dukani, muuzaji alibadilisha slaidi iliyoandikwa vibaya bila ubishi, na akakubali kwamba slaidi huuzwa pia mojamoja. Kwa shule yenye bajeti finyu, ningechukua alizeti, mahindi na jani peke yake, pamoja na paketi ya nyembe za kukatia mikato mingine wenyewe. Anayetaka kisanduku kizima aombe kwanza slaidi ya mzizi na kuiinua kwenye mwanga wa dirisha kabla ya kulipa, kwa kuwa mkunjo wa mkato mbovu huonekana hata bila hadubini.