Oscar: Mdomo Wake Ndio Unaokula Pesa Zako

Karibuni wapenzi wa samaki. Leo ni zamu ya oscar, Astronotus ocellatus, mwindaji wa bonde la Amazon. Rangi zake mnazijua, nazipita. Twendeni mdomoni!

Nadondosha punje ya chakula, tazama. Haing'ati. Taya zinachomoka mbele, kinywa kinapanuka ghafla, maji yanavutwa ndani na punje inakwenda nayo. Narudia taratibu. Hapo! Umeona koo linavyotikisika? Kuna taya za pili humo kooni, kama za sato na perege, maana ni ukoo mmoja. Hizo ndizo zinazosaga. Sasa usiondoe jicho kwenye matamvua: unga unamwagika nje. Anasaga, nusu anameza, nusu anaitema. Unga ule ukioza unatoa amonia, na amonia inachoma matamvua yaleyale.

Ndiyo maana naudhika oscar wa sentimita 5 akiuzwa pamoja na tangi la lita 60. Huyu anafika sentimita 30! Mmoja tu anataka tangi la sentimita 120 kwa 45 kwa 50, yaani lita 270, na kichujio cha lita 1,300 kwa saa au zaidi. Kiandae wiki 4 hadi 6 kabla hujamleta samaki, bakteria wa kula amonia wazaliane. Kila wiki badilisha nusu ya maji, yakiwa yametolewa klorini na yana joto lilelile, nyuzi 25 hadi 28. Ukizembea, vishimo vinaanza kumtoboka kichwani.

Mtaniuliza, kwa nini nisinunue piranha? Piranha mwekundu ni mwoga, hukaa kundini kwa ajili ya kujilinda, na ukiwasha taa anajificha. Oscar anakujia kiooni. Kwa burudani, oscar anashinda. Na bei yake ni ndogo. Pesa inakwenda kwenye kichujio, na video ijayo ni ya vichujio tu, kwa hiyo bonyeza kengele.

Usimpe oscar samaki wa dhahabu kama chakula. Wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, tena wanaleta vimelea. Mpe punje, uduvi, nyungunyungu.

Halafu hita, kile kifaa cha kupasha maji joto: ifunike kwa kikapu cha plastiki. Akipandwa na hasira huipiga mpaka ikapasuka, umeme ukaingia majini. Chomoa plagi kabla hujatia mkono.