Asilimia 3: mashine ya kore 16 niliyouziwa Kariakoo

Hasira hii ninayo tangu mwaka jana katikati huko, na leo naitoa. Vipimo vyote sitavitaja, anayevitaka atavipata mtandaoni. Jueni tu kwamba ni kompyuta, ile mitambo mizito ya mtumba inayotolewa maofisini Ulaya, ndani ina prosesa mbili za sava za mwaka 2013, kila moja kore 8, yaani vichwa nane vya kufanya kazi ndani ya prosesa moja. Jumla 16, na kwa kuwa kila kore hubeba nyuzi mbili, yaani mikondo miwili ya kazi, kompyuta yenyewe inajihesabia 32. Nililipa milioni moja na laki mbili, pesa ya mchezo ambayo zamu yangu ilikuwa imechelewa sana.

Nachora ramani za nyumba. Kutwa niko kwenye AutoCAD, nahamia SketchUp mteja akitaka kuona nyumba imesimama, na V-Ray akitaka picha yenye bati linalong'aa na maua uani. Laptop yangu ilishachoka. Nikamweleza kijana wa dukani kazi yangu yote bila kuficha kitu, nikamuuliza: kuna hii ya kore 16, na kuna ile ndogo ya kore 4, toleo la karibuni, bei zinakaribiana, ipi itanifaa? Akalipiga kofi kava la ile kubwa. "Dada'angu, kati ya kumi na sita na nne bado unauliza?" Nikalipa.

Haikupita wiki, akaja mama mmoja anayejenga ghorofa Goba. Alitaka sebule iongezwe nusu mita. Akavuta kiti, akakaa pembeni yangu aone. Nikaushika ukuta, nikauvuta. Kioo kikaganda. Kishale kikageuka kiduara kinachozunguka, ukuta ukabaki pale pale, nusu ya mlango imepotea. Tukasubiri. Mama akasogeza uso karibu na kioo: "Mwanangu, imezima?" Nikamwambia hapana mama, inakuja. Ikaja, nikausogeza ukuta tena kidogo, ikaganda tena. Mtu ameacha shughuli zake, amepanda daladala mbili, anakaa kuangalia kiduara. Niliona aibu mpaka viganja vikaloa jasho.

Nikaipakia kwenye bajaji, nikairudisha. Kijana akafungua faili lile lile, likaganda mbele ya macho yake. Akafungua kidirisha cha kuonyesha mzigo wa prosesa, akaweka kidole kwenye kioo. "Unaona? Asilimia tatu. Mashine imelala hii, haina kazi. Tatizo siyo mashine, sister, tatizo mtumiaji. Kajifunze kwanza." Duka limejaa wateja. Wawili wakacheka.

Ubaya ni kwamba nilimwamini. Nimechora miaka tisa, na nikarudi nyumbani nikiamini kwamba sijui kuchora. Nikasafisha faili, nikafuta leya zisizo na kazi, nikapakia programu upya, nikaongeza ramu kwa pesa ya mkopo. Kuganda kukawa kule kule.

Ukweli niliukuta kwenye stationery ninakochapisha ramani za A1. Binti wa pale alifungua faili langu ili alipange kabla ya kuchapa, nikamwomba nisogeze kitu kimoja. Nikaushika ukuta wa mama wa Goba. Ukasogea. Nikaukuza mchoro, nikaupunguza, nikauzungusha, haujakwama hata mara moja. Nikamuuliza mashine gani hii, akasema ya kawaida tu dada, Core i3-12100. Kore 4. Ile ile niliyokatazwa.

Usiku ule sikulala, nikakaa na kikokotoo. Gawa 100 kwa 32. Unapata 3 na kitu kidogo. Basi ile asilimia 3 niliyoaibishwa nayo mbele za watu haikuwa mashine iliyolala! Ilikuwa uzi mmoja unaobeba kazi yote mpaka pumzi inakatika, na 31 zimekaa zikiutazama. Autodesk, watengenezaji wenyewe wa AutoCAD, wameandika kwamba programu hiyo, ukiacha vipengele vichache, huendesha kazi yake kwenye kore moja. SketchUp ni vivyo hivyo ukiwa unajenga modeli. Na siyo uvivu wa waliotengeneza programu. Ukivuta ukuta, mlango unasubiri ukuta ufike, vipimo vinasubiri mlango, hatua inafuata hatua. Mnaojua saiti mtanielewa: fundi anayepiga kamba ya msingi ni mmoja, na ukimletea wengine kumi na watano watasimama tu mpaka amalize. Gene Amdahl, mhandisi wa kompyuta, alilieleza jambo hili mwaka 1967: kama nusu ya kazi haigawanyiki, hata ukimwaga kore elfu hutapata zaidi ya mara mbili ya kasi.

Na msidanganywe na gigahezi peke yake, yaani mabilioni ya mapigo ya saa ya prosesa kwa sekunde. Kore za mashine yangu zinaenda 2.6, moja ikibaki peke yake inapanda mpaka 3.4. Ya i3 inafika 4.3. Lakini pengo ni kubwa kuliko namba hizo, maana kore mpya inamaliza kazi nyingi zaidi katika kila pigo moja la saa yake.

Nilitaka kuishia hapo niseme haifai kabisa. Nitakuwa mwongo. Usiku mmoja nilikuwa na picha sita za kupeleka asubuhi, nikawasha V-Ray kwa ule mtindo wa vijisanduku. Vikatokea 32 kwa mpigo juu ya nyumba nzima, kila kimoja kinakula kipande chake, hiki kwenye bati, hiki kwenye dirisha, hiki kwenye majani ya mwembe. Mwanangu aliamka akaja kutazama. Picha iliyokuwa inanila saa mbili kwenye laptop ilitoka kwa dakika ishirini. Nilipiga makofi peke yangu. Kurenda, yaani kompyuta kuitengeneza picha kama hiyo, kunagawanyika, na hapo mashine hii ni mwanamke wa shoka, nikaanza hata kufikiri nimeionea.

Halafu nikapata pesa ya kazi moja nikanunua ile ndogo, nikaitumia kurenda picha ile ile. Dakika ishirini na nane. Kore 4 dhidi ya 16, pungufu la dakika nane tu! Na prosesa za ile kubwa zimeandikwa wati 95 kila moja, hii 60. Umeme wa LUKU naununua mimi.

Kwa hiyo ile kubwa sijui niipe alama gani. Kwa kuchora, hapana, narudia hapana, msinunue. Lakini siiuzi: inarenda pembeni huku mimi nachora kwenye ndogo, na wiki zenye kazi nyingi hilo limeniokoa. Kama unarenda tu kutwa na hugusi mchoro, ichukue. Kijana wa duka lile simsamehei, kwa sababu nilimweleza kazi yangu yote kabla ya kutoa pesa.

Juzi nilimsindikiza binti ninayemfundisha kazi kwenda kununua yake, duka jingine. Nilibeba faili la mama wa Goba kwenye flashi. Muuzaji alianza kutaja idadi ya kore, nikamwomba atuachie kiti kwanza. Binti akafungua faili, akaushika ukuta wa sebule, akauvuta. Ukafuata mkono.