Kizibao ni changu, namba ni zao: miezi saba na vifaa vya GPS kwenye timu ya mtaani

Vijana wangu wanakiita sidiria, na hakuna jina jingine lililoshika. Ni kizibao cheusi kinachobana kifua na kuishia juu ya mbavu, chenye kimfuko mgongoni katikati ya mabega, na ndani ya kimfuko kuna kidude ukubwa wa kiberiti. Hicho kidude ndicho mashine yenyewe. Kinapokea mawimbi ya setilaiti, kinahesabu mchezaji amekimbia umbali gani, kwa kasi gani, amechomoka mara ngapi, na mkimaliza mazoezi kinamwaga kila kitu kwenye simu. Ukiona mchezaji wa Ulaya anavua jezi kushangilia goli na ndani kavaa kitu kama hicho, ujue ndicho hicho, au kaka yake wa bei kubwa.

Mimi ni wakala wa pesa za simu Temeke. Jioni nafunga kibanda naenda kufundisha timu ya vijana chini ya miaka 17. Vizibao vitatu vilivyotumika nililetewa na binamu yangu anayefanya kazi Dubai, vyote kwa shilingi 780,000. Jina la kampuni naliacha, maana vya bei hii vinafanana sana na kuna mengine nitayasema hapa si ya kusifu.

Nianze na yanayostahili sifa. Vumbi la uwanja wetu linaua redio, linaua feni, lakini vidude hivi havijaugua hata siku moja. Vizibao vinafuliwa kwa sabuni ya kipande na kuanikwa kwenye mtambaa panya wa goli, na mpira wake bado unavuta. Chaji inakaa mazoezi mawili, ukibana matatu. Tatizo ni kwamba vipo vitatu na wachezaji ni 22, kwa hiyo ni kupokezana. Mwezi wa pili beki wa kushoto aligoma kuvaa kilichotoka kwa kipa, nami sikumlazimisha. Ukinunua, nunua vizibao vya ziada; kidude kimoja kinaweza kuhamia kizibao chochote, na pua za watu zitakushukuru.

Usahihi nilijipimia mwenyewe, maana sikuwa tayari kuamini karatasi ya kwenye boksi. Nilichukua futi kamba ya fundi ujenzi, nikapima mstari wa pembeni, mita 96. Nikautembea kwenda na kurudi mara tano, yaani mita 960, nimevaa vidude vyote vitatu kama mgonjwa wa hospitali. Kimoja kilisema 971, cha pili 948, cha tatu 983. Kwa pesa ile siwezi kulalamika. Kona moja tu inavichanganya, ile iliyobanwa na ghorofa na mwembe. Winga akikaa pale muda mrefu, ramani inamwonyesha anakimbia juu ya bati la duka la vipuri.

Kasi ndiyo ilinitoa jasho. Jumatatu moja nafungua simu nakuta namba tatu wangu amefika kilomita 43 kwa saa. Usain Bolt, siku anaweka rekodi ya mita 100 Berlin mwaka 2009, alipofika kasi yake ya juu kabisa alikuwa kwenye 44 na kitu. Nikakaa chini. Nikawaza niliye naye ni mali, nikaanza hata kufikiria nani nimpigie simu. Halafu nikaifungua ramani. Kijana alisahau kuvua, akapanda bodaboda kwenda kwao.

Tulicheka wiki nzima. Lakini ile ramani niliitazama tena usiku, nikiwa peke yangu, nikaacha kucheka. Mstari mwekundu ulitoka uwanjani, ukapita sokoni, ukakata kulia kwenye kisima, ukaishia mlangoni kwao. Mlangoni hasa. Na programu, jinsi ilivyokuja, inaonyesha mazoezi yako kwa yeyote duniani anayeitumia, mpaka uingie ndani ya mipangilio ukafunge mwenyewe. Mimi sikuwa nimefunga. Mwishoni mwa 2017 kampuni ya Strava, yenye programu ya kurekodi mazoezi, ilitoa ramani ya dunia ya mahali wateja wake wanapokimbia, na Januari 2018 watu wakaona mistari inayong'aa katikati ya jangwa la Syria na Afghanistan: ni wanajeshi waliokuwa wakifanya mazoezi kuzunguka kambi zao wakiwa na saa mkononi. Kama kambi ya jeshi ilianikwa hivyo, nyumba ya mpangaji wa chumba kimoja Temeke nani ataificha?

Nitarudi huko. Kwanza niseme namba zenyewe zina faida gani kwa kocha, kwa sababu ndicho mtu anacholipia.

Mwezi wa kwanza zilinipumbaza. Namba sita wangu alikuwa anarudi na kilomita tisa na ushee kila mechi, namba kumi anarudi na sita. Nikamweka namba kumi benchi nikijiona msomi. Tukacheza mechi mbili bila goli. Namba kumi wangu ni wa kutembea: anatembea, anatazama, anatembea, halafu anapiga pasi moja na beki wao anaokota mpira wavuni. Messi mwenyewe amevuna makombe akitembea. Kidude kinahesabu miguu, hakijui macho yanafanya nini.

Nilijifariji niliposoma habari za Charles Reep, Mwingereza aliyekuwa mhasibu katika jeshi la anga. Machi 1950 alikuwa jukwaani Swindon, akachoka na uchezaji wa kipindi cha kwanza, akatoa penseli na daftari akaanza kuandika kila shambulizi. Akaendelea hivyo miaka na miaka. Akagundua kuwa magoli mengi yanatokana na pasi tatu au pungufu, akahubiri kwamba mpira upigwe mbele haraka, na makocha wakamsikiliza. Waliokuja baadaye wakamwonyesha alichoruka: mashambulizi mengi, ya goli na yasiyo ya goli, huwa ni ya pasi tatu au pungufu. Ni sawa na kusema wateja wangu wengi wanaoibiwa wamevaa ndala. Temeke nani havai ndala? Hesabu ya Reep ilikuwa sahihi na hitimisho likapotea njia, kama mimi na namba kumi wangu, ila yeye alikuwa na penseli na mimi nina setilaiti.

Faida niliyoiona mimi ni moja, na imenilipa. Kumlinganisha mchezaji na mwenzake niliacha. Nikaanza kumlinganisha na yeye mwenyewe wa wiki iliyopita. Kuna kiungo wangu mmoja ambaye kwa kawaida huchomoka mara ishirini na kitu katika mazoezi. Ghafla ikawa kumi na nne, kumi na moja, tisa. Kwa macho sikuwa nimeona chochote. Ni mtoto asiyelalamika, akianguka anaamka. Zamani ningemwambia mvivu mbele ya wenzake. Safari hii nilimwita kando.

"Unaumwa?"

"Hapana, kocha."

"Nyumbani kuna tatizo?"

Akatazama chini. "Saa kumi alfajiri nakuwa Stereo, kocha. Nashusha viroba."

Kumbe baba alikuwa amesimamishwa kazi, naye anabeba mizigo sokoni kabla ya kwenda shule, halafu jioni anakuja kwangu nimkimbize. Nilimpunguzia mazoezi ya nguvu, nikamwambia siku za gulio aje kukaa na mpira tu. Kidude hakikuniambia kuhusu viroba. Kiliniambia niulize, na kwa kocha mwenye wachezaji 22 na macho mawili, hiyo tayari ni thamani ya pesa.

Sasa nirudi kwenye ile ramani.

Programu inapokusajili inataka jina, tarehe ya kuzaliwa, uzito, urefu, jinsia, namba ya simu au barua pepe, halafu inakuwekea maandishi marefu na kitufe cha kukubali. Nilikubali mara tatu, kwa niaba ya watoto watatu wa watu, bila kusoma. Mimi ambaye kibandani simtolei mtu pesa bila kitambulisho. Aliyenishtua ni mama wa namba tatu, mama ntilie wa karibu na uwanja. Alikuwa anakifua kile kizibao akaulizia mpaka kidude chake.

"Kocha, hiki kinamjua mwanangu kwa jina?"

Nikamwambia ndiyo, na umri wake, na uzito.

"Na nani mwingine anaviona?"

Nikaanza kumweleza habari za seva za kampuni, nikajikuta najikanyaga. Akanikata. "Mimi wateja wangu namjua anayetaka ukoko na asiyetaka maharage. Lakini siendi kumwambia mtu wa buchani."

Usiku ule nilisoma yale maandishi, pole pole, na kamusi pembeni. Wanaruhusiwa kuwagawia "washirika" taarifa ambazo wanasema zimeondolewa majina. Washirika ni akina nani, hawasemi. Nilichojionea ni kwamba siku chache baada ya kumsajili kipa kwa barua pepe yangu, simu yangu ilianza kunitangazia glavu. Huenda ni bahati tu. Sisi mawakala tunajua jinsi mambo yanavyokwenda: kikomo cha mkopo wa kwenye simu hakipangwi na mtu anayekujua, kinapangwa na jinsi unavyotuma, unavyopokea na unavyolipa. Mteja ananigombeza mimi kwa nini kimeshuka, wakati jibu liko kwenye miamala yake ya miezi sita.

Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na taarifa zinazohusu watoto imeziweka kwenye kundi la taarifa nyeti. Kwa hiyo wanaofundisha watoto, fanyeni nilivyofanya, mapema kuliko nilivyofanya. Nilikwenda kwa wazazi mmoja mmoja nikaomba ruhusa. Wawili walikataa, na watoto wao wanacheza bila kizibao na hawajapungukiwa kitu. Ndani ya programu nilifuta majina, sasa wanaitwa Jezi 3, Jezi 6, Jezi 8. Wote wamezaliwa tarehe 1 Januari. Uzito nimeandika wa kukisia. Unaharibu hesabu ya kalori tu, ambayo sikuwa na kazi nayo, umbali na kasi havibadiliki. Ramani nimezifunga. Na kidude kinazimwa kabla mtu hajatoka uwanjani, bodaboda au si bodaboda.

Kinachoniudhi kuliko vyote nimekiacha mwisho makusudi, maana hakimo kwenye boksi. Programu ni ya bure mwaka wa kwanza. Baada ya hapo unalipia kwa mwezi, kwa dola, kwa kila mchezaji. Usipolipa, kidude kinaendelea kupima lakini unaonyeshwa mazoezi ya wiki moja tu. Ya nyuma yote yanafungiwa. Nilitafuta namna ya kuyashusha yote kwa mpigo, na hiyo nayo iko upande wa kulipia. Yaani jasho la kijana wangu, kwenye uwanja wetu, ndani ya kizibao nilichonunua mimi, halafu nikitaka kujua alikimbiaje mwezi wa tatu nikodishiwe.

Wakubwa nao wanagombania hilo hilo. Mwaka 2021 huko Uingereza wachezaji zaidi ya 800, wakiongozwa na kocha Russell Slade, walizidai kampuni za takwimu na za kubashiri zilizokuwa zinatumia namba zao kibiashara bila wao kulipwa. Vijana wangu nilipowasimulia, swali la kwanza halikuwa la haki. Winga aliuliza, "Kocha, sasa hizi namba haziwezi kunisaidia kwenye mkeka?" Nikamwambia zinawasaidia wanaokuchania mkeka. Akasema basi na yeye atafungua kampuni. Sikumkatisha tamaa, Mwingereza Matthew Benham alitengeneza pesa kwa kubashiri kwa mahesabu, akainunua klabu ya Brentford ya London, na 2021 ikapanda Ligi Kuu baada ya miaka 74 ya kukaa nje ya daraja la juu.

Kwa hiyo, ununue? Kama una timu moja, wazazi unaowafahamu, na subira ya kukaa na simu nusu saa kila baada ya mazoezi, nunua kilichotumika, kimoja au viwili. Andaa na bando, kushusha mazoezi ya watu watatu kunalamba kuliko unavyodhani. Kama unataka kujua nani apangwe Jumamosi, weka pesa yako mfukoni ukatazame mpira.

Mwaka wangu wa bure unaisha mwezi wa tisa. Nimenunua kaunta buku ya kurasa mia mbili na kila Jumapili nanakili namba kwa mkono, ukurasa kwa kila jezi, nimefika Machi. Na kizibao kimoja nakiuza, nyavu za goli la kusini zimechanika. Kimefuliwa. Ndicho alichokuwa anavaa kipa.