Shafti yangu na yule fundi wa haraka

Wacha niseme mapema, kwa hiyo karakana ya pande za Kibuye sirudi, hata wakinilipia matatu.

Nilitoka Maseno na shafti ya posho mili, pahali beringi inakaa palikuwa pamelika, wakajaza weldingi halafu kijana mmoja akaishika kwa lethi, ile mashini inazungusha chuma ikichongwa. Kule kupunguza kwa kwanza alichonga poa, sikatai. Shida ni finishingi, ile kukata ya mwisho ya kuleta saizi. Beringi ni namba 6206, tundu lake milimita 30, na shafti inafaa izidi hapo kidogo sana, kama 0.01 hivi, ndio iingie kwa kugongwa. Sasa jamaa ametoka tu kukata, shafti bado inafuka moshi, ukigusa unarusha mkono, na yeye ashaweka maikromita, kile chombo cha kupima unene. "Thelathini nukta sifuri moja boss, imeisha." Nikamwambia buda si ungoje ipoe kwanza, chuma ikiwa moto si imefura? Akaniangalia toka kichwa mpaka viatu, akasema kwa nguvu watu wasikie: "Wewe ni fundi ama ni kastoma? Kama unajua, kuja ushike mashini." Wenzake wakacheka. Na mimi nikalipa nikaenda, hiyo ndio inaniuma zaidi.

Nyumbani beringi iliingia kwa kidole. Kidole! Shafti ya hiyo saizi ikishuka joto kama digrii 60 inapungua karibu 0.02, kwa hivyo alinipimia moto akaniuzia hewa. Nikairudisha, na unajua alitaka kufanya nini? Alichukua nyundo na senta panchi, ile chuma yenye ncha, aipige shafti vidoti vidoti ati beringi ikamate. Hapo nilipiga kelele mpaka mama wa chapati akaacha jiko akuje kuona.

Ndio mzee mmoja akatoka nyuma, miwani imefungwa na waya. Hakusema kitu. Ikajazwa tena, akachonga ikabaki nusu milimita, akaiweka chini tukakunywa chai kwanza. Baridi kabisa. Akanoa biti, kile kisu cha lethi, akagawanya ile imebaki mara mbili sawasawa, akakata ya kwanza akapima, kwa sababu anasema shafti huwa inasukumwa na biti kwa hivyo haikati vile namba za hendeli zinasema, halafu ya pili akarekebisha hiyo tofauti tu. Na akipitisha hendeli ya kusogeza biti harudishi kidogo, anarudi nyuma mzunguko mzima ndio aingie tena, kwa sababu skrubu yake imelika inacheza. Msasa hakugusa. Na mashini ni ile ile ya yule kijana!

Beringi iliingia na kipande cha bomba, ko ko ko, mpaka mwisho. Tangu hizo siku nasaga, na ukiweka mkono kwa hausingi, pale beringi imekaa ndani, ni vuguvugu tu.

Kwa hivyo sirudi. Sawa, nitarudi, lakini lazima nipige simu niulize kama mzee yuko. Na pesa ya ile kazi ya kwanza bado wanayo.