Trincomalee ya Hartlepool: kazi ya mkono wa Jamsetjee Wadia

Anayetaka kumjua Jamsetjee Bomanji Wadia, fundi mkuu wa karakana ya meli ya Bombay (leo Mumbai, India) tangu 1792 hadi alipofariki 1821, aende Hartlepool, kaskazini-mashariki mwa Uingereza, akapande Trincomalee, manowari ya kale ya matanga aliyoiunda. Naipa nyota tano. Ila usianze kwa kukodolea milingoti macho. Shuka kwanza mpaka ngamani, chini kabisa ndani ya meli.

Huko chini ndiko fundi alikojieleza. Mataruma, yaani mbavu za meli, yamesimama yakikaribiana sana, na mti ni msaji, huu tunaouita pia mtiki. Manowari iliagizwa na Waingereza 1812, mialoni, miti migumu ya kuundia meli, ikiwa adimu Uingereza kwa sababu ya vita vya Napoleon. Adimu au la, kwangu msaji ndio mti bora. Mwaloni una asidi inayokula chuma: msumari unashika kutu, tundu linapanuka, ubao unaanza kucheza, maji yanaingia. Msaji una mafuta yake, chuma kinadumu ndani yake na kuvu hauupati upesi. Meli ilishushwa majini tarehe 12 Oktoba 1817, ikafika Portsmouth 1819, kisha ikaegeshwa bila kazi hadi 1845. Miaka 26 ya kukaa tu, na mwili ukabaki mzima!

Michoro ya kwanza haikumfikia Jamsetjee. Ilikuwa ndani ya Java, manowari ya Waingereza ambayo Wamarekani waliiteka na kuichoma mwishoni mwa Desemba 1812. Ikabidi itumwe mingine, na mkuku, uti wa mgongo wa meli, ukalazwa 1816. Kwa desturi ya Waparsi, jamii ya Wazoroastria wa India aliyotoka Jamsetjee, ukagongomelewa msumari wa fedha.

Kosa ambalo wageni hulifanya ni kumpima fundi huyu kwa tezi, yaani sehemu ya nyuma ya meli. Hiyo tezi ya mviringo si yake. Iliundwa upya meli ilipotengenezwa tena kuanzia 1845, mizinga ikapunguzwa ikabaki 26. Ukarabati wa 1990 hadi 2001 nao uliingiza mbao mpya, basi uliza ipi ni ya Bombay kabla ya kusifu.

Kwa mtu wa Unguja kuna la ziada. Karakana hiyohiyo ilimuundia Seyyid Said manowari Liverpool ya mizinga 74, iliyoshushwa 1826. Mwaka 1836 aliitoa zawadi kwa Mfalme William IV wa Uingereza, ikaitwa Imaum.

Vaa viatu visivyoteleza, ngazi zimesimama wima. Na kwenye sitaha ya chini uiname mapema: boriti ziko usawa wa paji la uso.