Uzoefu wangu: kinasa joto cha Arduino kwenye shamba la mwani, Paje

Mama analima mwani Paje, Zanzibar. Kila jua likishika, mwani wake hupauka na kukatikakatika. Nilitaka kujua maji yanafika nyuzi ngapi wakati hayupo shambani, nikaunganisha kinasa joto mwenyewe: Arduino (ubao mdogo wa kielektroniki unaoupangia programu), kihisi cha DS18B20 cha kuzama majini, saa ya DS3231 na kadi ya memori. Vifaa niliagiza Kariakoo, vikaja kwa boti. Huu ni mwezi wa tano nakitumia.

Programu haikunisumbua sana. Maktaba, yaani programu zilizo tayari, za kihisi na saa zimeshaandikwa, wewe unabadilisha mistari michache tu, na kadi uiformati kwa mfumo wa FAT32. Lakini kihisi kinataka resista ya 4.7k kati ya waya wa data na wa umeme. Mimi niliisahau, kikawa kinaandika -127 mfululizo, yaani kihisi hakionekani. Nilipoiweka, rekodi ya kwanza ikaja 85. Mama akacheka: "Basi si tungeuvuna umeshaiva!" Kumbe 85 ndiyo namba kinayokuwa nayo kikiwashwa, kabla hakijapima. Kipe milisekunde 750 kwanza.

Kilichonitoa jasho ni umeme. Nilianza na Uno, aina moja ya Arduino, ambayo hula kama miliampea 45 hata ikikaa bure, kwa hiyo betri ya miliampea-saa (mAh) 2,000 haimalizi siku mbili. Na shambani huendi utakavyo: maji mafu yakiingia, bahari haikupwi sana, unasubiri mpaka bamvua irudi, inapokupwa mbali, ndipo ukifikie kifaa. Nikanunua duka moja mjini betri ya 18650, ile ya silinda, iliyoandikwa mAh 9,800. Ikazimika mapema kuliko ile kuukuu niliyoitoa kwenye laptopu mbovu! Betri za umbo hilo, hata zile bora, huishia kwenye 3,500 hivi. Ningelijua hilo ningebaki na pesa yangu.

Sasa natumia Pro Mini, Arduino ndogo zaidi, ya volti 3.3. Nimeing'oa taa yake, inalala muda wote, na saa huiamsha kila dakika kumi na tano ipime, iandike, ilale tena. Multimita inasoma chini ya miliampea moja ikiwa imelala. Betri ile ile ya laptopu imeshavuka bamvua nne bila chaji.

Kasha ni bomba la PVC lenye vifuniko. Tundu la waya liliwahi kuvuja, na chumvi ikala ubao mmoja kwa siku moja tu. Jaza silikoni, usibanie.

Mama hakuipenda saa. "Kumi na tatu na robo ndiyo saa ngapi hiyo?" Nikaongeza mstari wa kutoa sita, sasa anasoma saa saba na robo kama watu.

Siku za bamvua bahari hukupwa saa nne hivi asubuhi, na maji machache yanayobaki huchemka jua linavyopanda. Mara kadhaa yamepita nyuzi 34, na usiku yakashuka hadi 27. Kihisi kinaweza kukosea nusu nyuzi, kwa hiyo desimali sizigombanii. Mama ameshazisogeza kamba zake mbili kwenye kina, na anataka kinasa cha pili akifunge huko. Laptopu mbovu nimeshaipata.